Chumvi, Barafu na Joto la Kitambo: Jinsi Bakteria Anavyoandaliwa Kupokea Urithi Usio Wake

Katika kazi zote zifanywazo siku hata siku ndani ya maabara za elimu ya viumbe hai, ni nadra kupata iliyo nyonge kwa sura na kubwa kwa matokeo kama ile ya kumwandaa bakteria ili aipokee DNA isiyo yake. Vifaa vyake ni ndoo ya barafu, chumvi moja ya kalsiamu, chombo cha maji yenye joto na saa ya kuhesabia sekunde. Mwenye kuifanya aghalabu ni mwanafunzi au mtumishi wa maabara ambaye jina lake halitatajwa popote. Na muda wake, tangu asubuhi hata alasiri, hupita bila ya jambo la kumshangaza mtazamaji. Walakini juu ya kazi hii imejengwa insulini ambayo wagonjwa wa kisukari wasio na idadi hujidunga kila kukicha, na juu yake pia imejengwa sehemu kubwa ya maarifa tuliyo nayo leo kuhusu jeni za mimea, za wanyama na za binadamu mwenyewe. Nia ya makala haya ni kueleza kazi yenyewe ilivyo na ilivyopatikana, na kuonyesha kwamba matayarisho ya mpokeaji, ambayo wengi huyapita mbio ili wafike upesi kwenye habari za jeni, ndiyo yaliyoizuia taaluma nzima kusonga mbele kwa zaidi ya robo karne.

Yafaa kwanza tumjue mpokeaji. Bakteria ni kiumbe cha seli moja, na yule atumiwaye zaidi katika kazi hii huitwa Escherichia coli, kwa kumkumbuka Theodor Escherich, tabibu wa watoto wa Kijerumani aliyemweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1885, baada ya kumpata katika vinyesi vya watoto wachanga. Maskani yake ni utumbo wa binadamu na wa wanyama wenye damu ya moto, ambamo kwa desturi huishi bila ya kumdhuru mwenyeji wake, ijapokuwa wapo wa jamii yake waletao maradhi ya kuhara. Urefu wake ni kama mikroni 2, hata wakipangwa 500 mmoja nyuma ya mwingine hutimiza milimita 1 tu. Nasaba mashuhuri ya maabara, iitwayo K-12, ilichukuliwa mwaka 1922 huko Marekani kwa mgonjwa aliyekuwa akipona dondakoo, na kwa kulelewa vizazi na vizazi ndani ya vyombo vya kioo imepoteza uwezo wa kustakimu vyema katika utumbo wa mtu. Kasoro hiyo ndiyo iliyoifanya iaminike mikononi mwa wanafunzi.

Ndani ya seli hiyo mna uzi mmoja mrefu wa DNA, uliofungamana ncha kwa ncha ukawa duara, nao umeandikwa kwa jozi za herufi za kikemia zipatazo milioni 4.6. Pamoja na uzi huo, bakteria wengi huwa na vipete vidogo vya DNA viitwavyo plasmidi, ambavyo hujinakili vyenyewe na mara nyingi hubeba jeni za ziada, mathalani zile za kumkinga bakteria na dawa. Plasmidi ndiyo chombo cha mtaalamu: huikata kwa kimeng'enya, hupachika jeni aitakayo, huziunga tena ncha zake kwa kimeng'enya kingine, kisha hutaka bakteria aipokee, aitunze na kuinakili kila ajigawapo. Na kwa kuwa E. coli aliyeshiba, akiwa katika joto la nyuzi 37, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, mmoja aliyepokea jioni huwa mamilioni asubuhi, kila mmoja wao akiwa na nakala ya jeni ile ile. Yote haya ni mepesi kusimulia. Uzito umo katika neno moja la habari hii, nalo ni kupokea.

Kwamba bakteria aweza kupokea urithi kutoka nje ya nafsi yake ni jambo lililogunduliwa kabla ya mtu yeyote kujua urithi wenyewe umeumbwa kwa kitu gani. Mwaka 1928 Frederick Griffith, tabibu Mwingereza aliyekuwa akiitumikia Wizara ya Afya mjini London, alitangaza matokeo ya majaribio yake juu ya bakteria waletao kichomi, maradhi ya mapafu yaliyokuwa yakiua watu wengi katika zama zile zisizokuwa na antibiotiki. Bakteria hao alikuwa nao wa namna mbili: wale wenye ala ya sukari nje ya mwili, ambao hutoa koloni laini na kumuua panya upesi, na wale waliokosa ala hiyo, ambao koloni zao hukwaruza na ambao panya huwashinda bila ya taabu. Griffith aliwaua kwa moto wale wakali, akawachanganya na wasio na ala walio hai, akamdunga panya mchanganyiko huo. Kila kundi peke yake halikuweza kumdhuru. Lakini yalipokutana panya alikufa, na katika damu yake walipatikana bakteria hai wenye ala, ambao hata wazao wao waliendelea kuwa nayo. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kilichotoka kwa maiti kikaingia kwa walio hai, kikawageuza tabia na kukaa katika kizazi chao.

Griffith alifariki mwaka 1941 katika mashambulio ya ndege za Kijerumani juu ya London, asijue kitu hicho ni nini. Jawabu lilitoka New York, katika Taasisi ya Rockefeller, ambako Oswald Avery pamoja na wenzake Colin MacLeod na Maclyn McCarty walikuwa wakikisafisha kitu hicho hatua kwa hatua, na kila hatua wakiuliza kama bado kinageuza bakteria. Walipokitia vimeng'enya viharibuvyo protini, nguvu yake ilibaki. Walipokitia kimeng'enya kiharibucho DNA, nguvu ilitoweka. Makala yao ya mwaka 1944 ndiyo yaliyowafungulia wataalamu njia ya kukiri kwamba urithi wa viumbe umo katika DNA, jambo ambalo wengi walisita kulikubali kwa kuwa walizoea kuidhania protini kuwa ndiyo pekee iwezayo kubeba mambo mengi kiasi hicho. Avery alikuwa na umri wa miaka 66 makala hayo yalipotoka, na akafa mwaka 1955 bila ya kupewa Tuzo ya Nobel, dhuluma ambayo wanahistoria wa sayansi hawajaacha kuizungumza.

Yaelekea msomaji atasema: basi tangu mwaka ule kazi ilikuwa imekwisha, maana ilijulikana kwamba bakteria hupokea DNA na kwamba DNA ndiyo urithi. Haikuwa hivyo. Bakteria wa kichomi ana uwezo huo kwa maumbile yake. Huwa na vyombo vya protini katika utando wake vya kuinasa DNA iliyo nje na kuivuta ndani, navyo hutokeza katika saa maalumu za uhai wake. Wako na wengine wa namna hiyo. Bakteria wa kipindupindu, ambaye makazi yake ni maji ya pwani na midomo ya mito, huupata uwezo huo akiwa amekaa juu ya magamba ya kaa na kamba, kwa kuamshwa na kitini, ile dutu ngumu ya magamba hayo; jambo hili lilitangazwa mwaka 2005, na linatufunza kwamba mabadilishano ya urithi hayakungoja maabara kujengwa. Ama E. coli, ambaye wataalamu walimjua kuliko kiumbe mwingine yeyote, ambaye jeni zake zilikwisha kupangwa na siri za maisha yake kuchunguzwa, yeye hakukubali. Ulimtia DNA, naye aliendelea na mambo yake kana kwamba hakuna kilichomfika.

Sababu za kukataa kwake si za kustaajabisha ukizitazama kwa makini. Seli yake imezungukwa na tando mbili zenye ukuta katikati, na utando wa nje umejaa fosfati zenye chaji hasi ya umeme. DNA nayo, kwa urefu wake wote, imebeba chaji hasi hiyo hiyo. Na vitu vyenye chaji za namna moja husukumana. Fauka ya hayo, DNA ni ndefu na hupenda maji, ilhali kiini cha utando ni mafuta, na mafuta hayapitishi kitu cha namna hiyo. Kwa hiyo kiu ya wataalamu ilikuwa juu ya njia ya kuutuliza uadui huo wa umeme na kuulegeza utando kwa kitambo, bila ya kumuua mwenye utando.

Njia hiyo ilipatikana mwaka 1970 katika Chuo Kikuu cha Hawaii, kwa Morton Mandel na Akiko Higa. Wao walikuwa wakishughulika na virusi viitwavyo faji, ambavyo huwashambulia bakteria, na walitaka kuitia ndani ya E. coli DNA tupu ya faji, iliyovuliwa ganda lake la protini. Waliona kwamba bakteria wakiwekwa katika maji baridi yenye kloridi ya kalsiamu, kisha wakapashwa moto kwa muda mfupi, huipokea DNA hiyo, na faji wapya huzaliwa ndani yao. Kalsiamu ina chaji chanya mbili. Hukaa baina ya fosfati za DNA na fosfati za utando, ikazizuia kusukumana. Si kila lifanyikalo katika sekunde zile limekwisha kuelezwa mpaka leo, na wataalamu hujadiliana juu ya njia hasa ambayo DNA huipitia. Lakini kwamba kalsiamu, baridi na joto vikifuatana kwa taratibu hiyo hutoa matokeo, halina shaka.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1972, Stanley Cohen na wenzake Annie Chang na Leslie Hsu wa Chuo Kikuu cha Stanford waliitumia chumvi hiyo hiyo kutia plasmidi. Plasmidi waliyoichagua ilikuwa mojawapo ya zile zilizokuwa zikizisumbua hospitali za dunia kwa kuwafanya bakteria wasidhurike na antibiotiki; na hapo ndipo balaa ilipogeuzwa kuwa manufaa, kwa kuwa seli iliyopokea ingeweza kutambuliwa kwa kuendelea kuishi mahali pa dawa, ilhali isiyopokea ingekufa. Mwaka 1973 Cohen na Chang, wakishirikiana na Herbert Boyer na Robert Helling, walitangaza kwamba wameunga vipande vya DNA vya asili mbalimbali katika plasmidi moja na kuviingiza ndani ya E. coli vikafanya kazi; na mwaka uliofuata jeni za chura wa Kiafrika aitwaye Xenopus ziliingizwa kwa njia hiyo hiyo. Historia humpa sifa mwenye mkasi na mwenye gundi, yaani vimeng'enya vya kukatia na kuungia, nayo ni haki. Lakini kama isingekuwa chumvi ya Hawaii, plasmidi zile zilizoungwa kwa ustadi zingebaki ndani ya chupa zisiwe na pa kwenda.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe. Hatua ya kwanza ni kuchagua umri wa bakteria, na hapa ndipo wengi huharibikiwa. Bakteria hupandwa katika mchuzi wa chakula usiku kucha, asubuhi kiasi kidogo chake hutiwa katika mchuzi mpya, nacho hutikiswa kwa nguvu katika nyuzi 37 mpaka wawe katika ongezeko lao la kasi, kabla hawajaanza kusongamana na kuishiwa chakula. Mtaalamu huwapima kwa kupitisha mwanga katika mchuzi na kusoma ni kiasi gani kimezuiwa. Kipimo kikifika kati ya 0.3 na 0.5, saa yao imewadia. Ni kama mkwezi wa minazi ajuavyo kwamba kitale bado, kwamba dafu lina siku zake, na kwamba likishakuwa koroma halirudi nyuma likanyweka: bakteria waliochelewa kuvunwa huukaza utando wao, na hakuna chumvi itakayowalainisha sawasawa.

Wanapofikia umri huo hutiwa katika barafu papo hapo, na kuanzia dakika hiyo hawatakiwi kupata joto mpaka waamriwe. Huzungushwa kwa kasi ndani ya mashine baridi hata wajikusanye chini ya chupa, mchuzi humwagwa, nao hulainishwa taratibu katika kloridi ya kalsiamu iliyopozwa, aghalabu ya kiasi cha milimola 100 kwa lita. Neno taratibu hapa lina uzito wake, kwa maana seli hizo zimekwisha kuwa dhaifu, na mkono wenye pupa, unaozitikisa kwa nguvu au kuzipulizia hewa, huziua kabla ya kazi kuanza. Hukaa katika barafu kwa nusu saa au zaidi, huzungushwa tena, na mwishowe hulainishwa katika kiasi kidogo cha chumvi hiyo, pengine pamoja na gliseroli, ambayo huwakinga wasipasuliwe na fuwele za barafu watakapogandishwa. Katika hali hiyo huitwa seli pokezi, nao waweza kutumiwa siku ile ile, au kugawanywa katika vichupa na kuwekwa katika friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri, wakangoja miezi kadhaa.

Siku ya kupokea, kichupa huyeyushwa juu ya barafu, wala si mkononi, na plasmidi kidogo sana hutiwa ndani yake. Vyote viwili hukaa katika baridi kwa nusu saa, ili DNA ijishike juu ya uso wa seli. Kisha hufuata jambo ambalo ndilo la pekee lenye haraka katika shughuli nzima: kichupa hutolewa kwenye barafu na kutumbukizwa katika maji ya nyuzi 42 kwa muda wa sekunde 30 hadi 90 kwa kadiri ya chombo na nasaba ya bakteria, na wengi husimama kwenye sekunde 45, halafu hurudishwa barafuni mara moja. Sekunde zikipungua, DNA haiingii ya kutosha. Zikizidi, seli hufa. Baada ya dakika 2 za baridi hupewa chakula chenye sukari na kuachwa wapumue katika nyuzi 37 kwa saa moja. Saa hiyo haina anasa ndani yake: seli iliyopokea plasmidi bado haijaitengeneza protini ya kuikinga na dawa, na ikipelekwa mbele ya dawa kabla ya wakati wake itakufa na urithi wake mpya mkononi.

Mwisho wake ni sahani. Bakteria hupakwa juu ya agari yenye antibiotiki, mathalani ampisilini, na kuachwa usiku kucha. Agari hiyo, inayotengenezwa kwa mwani mwekundu wa bahari, iliingia katika maabara kwa shauri la Fanny Hesse, mke na msaidizi wa daktari aliyefanya kazi na Robert Koch mjini Berlin. Mwaka 1881, mumewe alipokuwa akitaabika na jelatini iliyeyukayo kwa joto, yeye alikumbuka ile aliyokuwa akiitumia jikoni kugandishia vitamutamu vya matunda. Mwani unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani, vijiji vya pwani ya Unguja, ni wa ukoo wa karibu, ijapokuwa wao huvuna wa kutoa karajini, itumikayo zaidi katika vyakula na dawa za meno. Asubuhi, panapo majaliwa, juu ya sahani huonekana vitone vyeupe, na kila kitone ni koloni ya mamilioni waliotokana na seli moja iliyokubali. Mtaalamu mwangalifu huwa ametengeneza na sahani mbili za ushahidi: moja ya seli zisizopewa DNA yoyote, ambayo yapasa iwe tupu, na nyingine ya seli zilizopewa plasmidi ijulikanayo, ambayo yapasa ijae. Na asidanganywe na vijikoloni vidogo vinavyozuka pembezoni mwa koloni kubwa sahani ikikaa mno, kwa kuwa hivyo ni vya bakteria wasiopokea kitu, waliopata amani kwa sababu jirani yao ameiharibu ampisilini iliyowazunguka.

Ubora wa seli pokezi hupimwa kwa hesabu ya koloni zipatikanazo kwa kila mikrogramu 1 ya DNA. Katika mikrogramu moja ya plasmidi ndogo iitwayo pUC19 mna vipete zaidi ya bilioni 300. Seli zilizoandaliwa kwa njia ya kawaida ya kalsiamu hutoa koloni milioni 1 hadi milioni 10 kwa kiasi hicho, na zile bora kabisa hufika bilioni 1. Kwa hesabu ya kwanza, katika vipete makumi ya maelfu hadi laki kadhaa ni kimoja tu kilichobahatika. Na hata kwa hesabu ya pili, ni kimoja katika mamia. Hivyo kazi hii haikujengwa juu ya kufaulu kwa wengi. Imejengwa juu ya hakika kwamba wachache waliopokea wataonekana, kwa sababu dawa imewaondoa wengine wote. Na ndiyo maana matayarisho ya mpokeaji na uteuzi kwa njia ya dawa ni nusu mbili za jambo moja.

Wako waliojitahidi kuikuza hesabu hiyo. Mwaka 1983 Mmarekani Douglas Hanahan alitangaza uchunguzi mrefu wa kila sharti la kazi hii, akaongeza manganisi na madawa mengine katika chumvi, na kuifikisha hesabu katika mamia ya mamilioni. Mwaka 1990 wataalamu wa Kijapani walionyesha kwamba bakteria waliokuzwa katika nyuzi 18, ambamo hukua kwa uvivu sana, hutoa seli pokezi bora mno. Na hivyo subira ikapata ushahidi wa maabara. Na kabla yao kidogo, mwaka 1988, ilithibitishwa kwa E. coli njia ya umeme, ambayo kwayo seli hupitishiwa mkupuo wa maelfu ya volti kwa milisekunde chache, utando ukatoboka vitundu na kuziba tena. Katika njia hiyo chumvi, iliyokuwa rafiki, huwa adui. Seli huoshwa mara kwa mara kwa maji safi baridi hata isibaki hata chembe, kwani chumvi ikibaki umeme huruka kwa cheche na mlio, na seli zote huangamia. Wakati mwingine hupatikana koloni zaidi ya bilioni 10 kwa mikrogramu, lakini mashine yake ni ya gharama, na kwa kazi nyingi za kila siku chumvi na maji ya moto vinatosha.

Matunda ya haya yote yalianza kuvunwa mapema. Tangu insulini igunduliwe Toronto mwaka 1921, wagonjwa wa kisukari waliishi kwa insulini iliyokamuliwa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1978 kampuni ya Genentech na hospitali ya City of Hope huko California zilifanikiwa kuifanya insulini ya binadamu ndani ya E. coli, na mwaka 1982 ikaruhusiwa kutumika Marekani, ikiwa dawa ya kwanza ya namna hiyo duniani. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, watafiti wa maradhi ya mifugo wa Kabete, karibu na Nairobi, katika taasisi ambayo leo ni sehemu ya ILRI, yaani Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, waliichukua jeni ya protini ya kimelea cha ndigana kali, maradhi yaenezwayo na kupe, wakaitia ndani ya E. coli, na protini iliyotoka wakaijaribu kuwa chanjo ya ng'ombe. Haikuwa tiba ya kuimaliza ndigana, lakini ilionyesha kwamba chombo hiki kimekwisha kufika mahali penye maradhi yetu wenyewe.

Wala haikukosekana hofu. Mwaka 1974 wataalamu wenyewe, wakiongozwa na Paul Berg, waliomba majaribio ya aina fulani yasimamishwe kwanza. Na mwezi wa Februari mwaka 1975 walikutana Asilomar, California, wakajiwekea masharti, mojawapo likiwa kuwatumia bakteria waliodhoofishwa hata wasiweze kuishi nje ya maabara. Hadhari hiyo ingali na nafasi yake. Jeni za kukinga dhidi ya dawa zitumikazo kuteua koloni ni mali ya kutunzwa, na desturi ya maabara kuchemsha kila sahani kwa mvuke wa nguvu kabla ya kuitupa si ushirikina wa kisomi; anayeipuuza huwasaidia bakteria wa mitaani kufanya upesi kile ambacho tayari wanakifanya kwa maumbile.

Inasalia neno kwa vyuo na maabara za nchi zetu. Seli pokezi huuzwa na makampuni ya ng'ambo, zikasafirishwa ndani ya barafu kavu, kwa bei isiyo ndogo; na mzigo ukikawia uwanja wa ndege ukingoja karatasi, ukayeyuka, haufai tena, hata ukigandishwa upya huwa umepoteza nguvu zake nyingi. Kloridi ya kalsiamu, kwa upande wake, ni chumvi rahisi ipatikanayo kwa wauzaji wa kemikali. Bakteria wa K-12 hujizalia wenyewe. Na barafu yaweza kutengenezwa popote penye umeme. Gharama ya kweli imo katika friji ya baridi kali na umeme usiokatika, na chuo kisichokuwa na viwili hivyo chaweza kuwaandaa bakteria wake asubuhi na kuwatumia jioni ya siku ile ile, kama walivyofanya waliotangulia. Mwanafunzi aliyefunzwa kuvuna seli kwa umri wake, kuzishika kwa baridi, kuhesabu sekunde zake na kuweka sahani za ushahidi, amefunzwa sehemu ya taaluma hii isiyonunulika kwa katalogi; na mwalimu atakayempa mwezi mmoja wa kuikosea na kuirudia kazi hiyo hatakuwa amempotezea wakati.